SOMO LA MWANANCHI: Mfumuko wa Bei, Kodi na Nyumba Yako

Ndugu mkazi, wengi wetu hatununui nyumba iliyokamilika. Tunajenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani kuta, na paa Mungu atakapojalia. Ujenzi wa namna hii hauna riba ya benki, lakini una adui asiyeonekana, naye ni mfumuko wa bei.

Tuchukue mfano. Mkazi ana shilingi 2,000,000 za kuezeka, akaziweka ndani kwa miaka mitatu. Iwapo bei za vifaa hupanda kwa asilimia 5 kila mwaka, paa lile lile litamgharimu shilingi 2,315,250. Hakuna aliyemwibia, ila amepungukiwa shilingi 315,250. Kwa hiyo, mwenye mahali salama pa kuhifadhi ni heri anunue mapema matofali, nondo na bati. Saruji asiilimbikize, kwani huganda.

Kodi nazo haziathiriwi na mfumuko kwa namna moja. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hupanda pamoja na bei. Bati la shilingi 20,000 kabla ya kodi hubeba kodi ya shilingi 3,600. Likifika shilingi 25,000 hubeba shilingi 4,500.

Kodi ya majengo ni tofauti. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka, yaani shilingi 1,500 kila mwezi kupitia LUKU. Kiwango hiki hakipandi chenyewe bei za sokoni zinapopanda. Hubadilishwa kwa sheria tu.

Hapa mpangaji azingatie jambo moja. Mdaiwa wa kodi ya majengo ni mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme huwa amelipa kwa niaba yake. Basi atunze risiti za LUKU, na wawili hao wakubaliane kwa maandishi kwamba kiasi hicho kipunguzwe katika pango. Mwenye nyumba naye asipandishe pango kwa sababu ya kodi ambayo mpangaji amekwisha kuilipa.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini mfumuko wa bei hukipanua kibaba chenyewe. Anayejenga apige hesabu yake upya kila mwaka.