Sindano za Kichina na Kukandwa: Ya Kujua Kabla Hujalala Kitandani

Wengi wanaoambiwa wajaribu akupancha hurudi nyuma kwa kuwa sindano wanayoijua ni ile ya hospitali. Hii ni nyingine kabisa. Haina tundu wala dawa ndani yake. Ni waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, unene wake mara nyingi robo ya milimita, na wakati wa kuingia wengi huhisi kama wameumwa na mbu. Ikifika mahali pake utasikia uzito, ganzi kidogo au maumivu mazito yanayosambaa taratibu. Hilo ndilo tabibu analolitafuta. Maumivu makali ya ghafla, yanayokwenda mbio hadi kidoleni, hayamo katika tiba. Yaseme papo hapo, sindano itolewe.

Kabla ya hapo utaulizwa maswali mengi. Tabibu wa Kichina atakuangalia ulimi na kukushika mapigo kwenye mikono yote miwili. Nawe una yako ya kusema, hata usipoulizwa: kama una mimba, kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda kama vile warfarin, kama una kisukari, kama umewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Mwenye kifaa hicho hafai kuunganishiwa sindano za umeme. Na usiende na njaa, kwani baadhi ya watu huzimia.

Sindano zitakaa mwilini dakika 20 hadi 30. Jambo ambalo usilionee haya hata kidogo ni kutaka pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, na sindano zitupwe baada yako. Homa ya ini aina ya B imewahi kuenezwa kwa sindano zilizorudiwa. Tabibu anayekasirikia ombi hilo hakufai. Sindano ya kifuani au mabegani ikiingizwa kina kupita kiasi inaweza kutoboa pafu. Ni nadra, lakini ukibanwa pumzi au kuumwa kifua baada ya tiba, hata ikiwa ni kesho yake, kimbilia hospitali.

Kukandwa hakuhitaji utambulisho kwetu. Pwani watu wamechuliwa kwa mafuta ya nazi tangu zamani, na kuumikwa kwa chuku au hijama bado kupo. Masaji ya Kichina, tuina, hutumia vidole, viganja na viwiko, na mara nyingi hufanywa juu ya nguo. Popote utakapokwenda, kinachofunuliwa ni sehemu inayotibiwa tu, sehemu nyingine hufunikwa shuka. Mwanamke ana haki ya kuomba akandwe na mwanamke mwenzake. Mkono ukienda sehemu za siri, hiyo si tiba: inuka, uondoke, utoe taarifa.

Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya kukandwa ni kawaida. Lakini usikubali kuchuliwa mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na kuuma kwenye shavu lake. Huenda kuna damu iliyoganda, na ikisukumwa ikafika kwenye mapafu inaua. Aliyeanguka na kushukiwa kuvunjika apigwe picha kwanza, asikandwe.

Je, inasaidia? Kwa maumivu, ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa tiba cha Marekani, American College of Physicians, kiliweka akupancha na masaji miongoni mwa njia za kuanzia kwa maumivu ya kiuno. Uingereza iliondoa akupancha katika mwongozo wake wa kiuno mwaka 2016, ingawa inaikubali kwa kuzuia kipandauso. Wataalamu hawakubaliani kwa sababu wagonjwa waliochomwa sindano za kuigiza nao mara nyingi hupata nafuu isiyopishana sana. Kwa maoni yangu, jaribu mara tano au sita; usipoona tofauti, okoa fedha zako. Na anayekuahidi kwamba sindano zitamaliza kisukari, saratani au VVU, mkimbie. Dawa ulizoandikiwa na daktari usiziache.

Madaktari wa Kichina wamekuwa wakihudumu Zanzibar tangu miaka ya 1960, wengi wakitoka jimbo la Jiangsu, kwa hiyo tiba hii si ngeni nchini. Tanzania Bara ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na anayetoa huduma hizi anatakiwa awe amesajiliwa. Omba kuona cheti.

Na kama maumivu ya kiuno yamekuja pamoja na miguu kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo na choo, usipite kwanza kwa mkandaji wala kwa mchoma sindano. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.