Kutafuta Mahame kwa Ramani za Kale

Wanachuo warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha hutuambia mara kwa mara kwamba historia ya mahali haifundishiki kwa sababu vitabu ni haba. Ni kweli vitabu ni haba. Hata hivyo ipo hati moja ambayo shule nyingi hazijaigusa, nayo ni ramani ya kale. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwalimu awezavyo kuitumia, pamoja na watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, kutafutia mahame: yaani mahali palipokuwa na kijiji, kambi ya msafara au tanuri la kuyeyushia chuma, na ambapo leo pana pori au shamba tu.

Kwa Tanzania Bara, ramani ifaayo zaidi ni ile ya Wajerumani ya kipimo cha 1:300,000, iliyoanzishwa na Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, na kuchapishwa Berlin kipande kwa kipande kabla ya Vita vya 1914. Siku hizi ramani nyingi za namna hiyo zimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti, na chuo chaweza kuchapa nakala. Kando yake iwekwe ramani ya serikali ya 1:50,000 ya eneo lile lile.

Kazi huanza na majina. Watoto hucheka waonapo Muansa, Udjidji, Kilossa na Mpapua. Mwalimu asiwakemee, kwani katika kucheka huko wanagundua wenyewe kwamba mwandishi aliandika kwa tahajia ya kwao kile alichokisikia kwetu. Wilhelmstal, Neu Langenburg na Bismarckburg hayakisiwi. Hana budi kuwaambia kwamba ni Lushoto, Tukuyu na Kasanga. Lakini ugumu wenyewe uko katika vijiji. Vingi viliandikwa kwa jina la jumbe aliyekuwapo wakati ule, na jumbe akihama jina lilihama naye. Tena Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu wengi mno, wakabeba na majina ya vijiji vyao. Kwa hiyo mtoto aonaye jina la kijiji chake katika ramani ya kale bado hajakiona kijiji chake. Hapo ndipo mzee wa kijiji anapokuwa mwalimu wa pili wa somo hili, naye aalikwe darasani kwa heshima zake zote.

Kutokana na hayo tusianze kupima kutoka kijijini. Tuanze na vitu visivyohama: makutano ya mito, kilele cha mlima, pengo la vilima ambamo njia ilipita. Tuseme kambi ya msafara imechorwa sentimita 2.5 kutoka makutano ya mito miwili, kuelekea kilele fulani. Ramani mpya ni kubwa mara sita kuliko ile ya kale. Basi watoto watapima sentimita 15 kuelekea kilele kile kile, nazo ni kilomita 7.5 ardhini. Hili ni somo zuri la hesabu kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Wakisha kuweka alama, mwalimu awaulize: upana wa milimita moja katika ramani ya kale ni mita ngapi? Ni mita 300. Ndiyo maana hatuweki nukta bali duara, lenye nusu kipenyo cha sentimita 2, yaani kilomita moja. Isitoshe, sehemu kubwa ya ramani hiyo ilikusanywa kutokana na safari za watu waliotembea na dira na saa mkononi. Waliyoyaona kando ya njia waliyapima. Yaliyo mbali na njia mara nyingi waliyasikia tu kwa wapagazi. Kambi iliyo juu ya mstari wa njia iaminiwe kuliko kijiji kilichochorwa peke yake katikati ya nafasi tupu.

Njia nyingi za misafara zilipungua umuhimu reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ndani ya duara watoto watafute alama zilizobaki: miembe mikongwe iliyojipanga mstari, minyaa iliyokuwa ua, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia yaliyolika katikati, na mavi ya chuma, ambayo ni meusi, mazito na yana vitundu.

Sasa tufike kwenye jambo linalotutia wasiwasi. Huko Uingereza wapo watu wengi wanaotumia ramani za kale vivi hivi, kisha hupita mashambani na chombo kinacholia kikiwa juu ya metali iliyofukiwa. Huomba ruhusa ya mwenye shamba, na sheria ya mwaka 1996 huwataka watoe taarifa ya hazina katika muda wa siku 14. Kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua vitu vya kale bila kibali. Lakini uvumi wa mali ya Wajerumani haujui sheria. Mtoto arudipo nyumbani na kusema, “Leo tumeiona kambi ya Wajerumani,” yupo mtu mzima atakayekwenda usiku na sururu. Shimo moja kama hilo huvuruga tabaka za udongo, na kigae kilichong’olewa katika tabaka yake hakiwezi tena kutuambia umri wake. Pengine kinachochimbwa ni kaburi la mtu.

Watoto watauliza kama kuna dhahabu. Baadhi ya wenzetu hushauri swali hilo liepukwe; sisi hatukubali, kwa sababu mwalimu anyamazapo uvumi hupata nguvu. Aeleze wazi kwamba mwaka 1916, walipozingirwa vitani, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Zilitolewa zitumike kama fedha. Habari yake haitoshi kumfanya mtu achimbue kila penye mwembe mkongwe.

Kabla ya kutoka, mwalimu apate idhini ya serikali ya kijiji na ya mwenye shamba. Jembe libaki shuleni. Watoto wahesabu, wachore, wapime kwa hatua, na kila kigae kibaki kilipokutwa. Kitu chochote cha chuma kinachofanana na risasi au kombora kisiguswe kabisa. Ramani itakayobandikwa ukutani ionyeshe duara tu. Daftari lenye mahali hasa likae kwa mwalimu mkuu, na nakala ipelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya. Kazi yote yahitaji vipindi vinne darasani na asubuhi moja nje, nayo ifanywe kiangazi baada ya mavuno, nyasi zikiwa fupi.