Somo la majaribio limenishinda mara mbili

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Nakuru. Naomba kazi ya kufundisha watoto Kiingereza mtandaoni, lakini kwenye somo la majaribio naambiwa naongea mno. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, hapo ndipo wengi wetu huanguka. Darasani tumezoea kueleza. Mtahini anayeigiza mtoto wa miaka sita anataka kuona mtoto akisema. Ukifundisha neno “jump”, usilifafanue: ruka, liseme, kisha nyamaza umsubiri. Kimya hicho kinatisha, najua, ila kivumilie. Kufundisha lugha kwa vitendo vya mwili si kuchezacheza. Mwanasaikolojia Mmarekani James Asher aliitetea mbinu hiyo tangu miaka ya 1960. Mtoto akikosea, rudia sentensi yake kwa usahihi, naye airudie. Usimhutubie sarufi.

Kwenye kamera, taa iwe mbele ya uso wako, wala si mgongoni. Lafudhi yako isikusumbue, mradi matamshi ni wazi.

Kabla ya jaribio la tatu, mwombe mtoto wa jirani, kwa ruhusa ya wazazi wake, mfanye somo la dakika 10 ukijirekodi kwa simu. Kisha hesabu sentensi zako na zake. Zako zikizidi, rudia somo lote.