KAZI KWANZA, TUZO BAADAYE
Somo kwa vyama vya watu wanaojitolea

Wahenga walisema maneno mawili ambayo, yakisikiwa pamoja, huonekana kama yanapingana. La kwanza ni "Mcheza kwao hutunzwa," maana yake mtu awatumikiaye watu wake astahili kushukuriwa. La pili ni "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," maana yake sifa ikizidi huharibu kazi.

Kila chama cha watu wanaofanya kazi bila mshahara hukutana na jambo hili. Wasiposhukuriwa, watu huchoka wakaenda zao. Akisifiwa asiyestahili, wivu huingia na kazi hufa. Basi njia ya katikati ni ipi? Jibu laweza kutafutwa katika habari za chama kimoja chenye umri wa zaidi ya miaka 100, nacho ni Rotary. Matawi yake yamo katika nchi nyingi za dunia, na tawi la Nairobi liliundwa mwaka 1930.

CHAMA KILIVYOANZA

Tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago, Marekani, mwanasheria aitwaye Paul Harris alikutana na rafiki zake watatu katika ofisi ya mmoja wao. Gustavus Loehr alikuwa injinia wa migodi, Silvester Schiele alikuwa mfanya biashara ya makaa ya mawe, na Hiram Shorey alikuwa mshona nguo. Harris alilelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa shamba, ambako watu hujuana. Alipohamia Chicago aliona watu wengi sana, lakini rafiki wachache. Wakapatana wawe wakikutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, siku nyingine katika ofisi ya yule. Kwa sababu ya mzunguko huo wakakiita chama chao Rotary.

Haifai kuficha kwamba mwanzoni watu hawa waliangalia zaidi faida yao wenyewe. Walipeana urafiki, na pia walipeana biashara. Lakini haukupita muda mrefu wakaanza kuulizana: chama hiki chawafaa nini watu walio nje ya mlango?

KAZI YA KWANZA ILIKUWA VYOO

Siku zile katikati ya mji wa Chicago hapakuwa na vyoo vya watu wote. Mwanamume aliyetaka kujisaidia ilimlazimu kuingia katika nyumba ya pombe, na mwanamke katika duka kubwa. Wenye nyumba hizo hawakuchukia, kwa kuwa kila aingiaye huenda akanunua kitu. Kwa hiyo mwaka 1907, Rotary ilipotoa shauri kwamba vijengwe vyoo vya watu wote karibu na jumba la halmashauri ya mji, wauza pombe na wenye maduka walipinga. Wanachama hawakukata tamaa. Walishirikiana na watu wengine wenye nia kama yao, na mwaka 1909 vyoo vikafunguliwa.

Msomaji na alitazame jambo hili vizuri. Choo si kitu cha fahari. Lakini chama kile hakikuuliza, "Ni kazi gani itakayotupatia sifa?" Kiliuliza, "Watu wana shida gani?" Hapo ndipo kazi njema huanzia.

MFUKO ULIOANZA NA DOLA 26

Mwaka 1917 Arch Klumph, aliyekuwa rais wa Rotary mwaka huo, alitoa shauri kwamba uwekwe mfuko wa fedha kwa ajili ya kuwafaidia watu duniani. Mchango wa kwanza, uliotoka kwa tawi la Kansas City, ulikuwa dola 26 na senti 50 tu. Haba na haba hujaza kibaba, na mfuko ule ukakua pole pole.

Paul Harris alifariki tarehe 27 Januari 1947. Kabla ya kufa alikuwa amesema kwamba angependa watu watoe mchango katika mfuko kuliko kuleta maua ya mazishi. Wanachama wakaitii nia yake, na katika mwaka ule ule wanafunzi 18 wakasaidiwa kwenda kusoma katika nchi za kigeni. Hivyo heshima ya marehemu iligeuka kuwa kazi. Kisha mwaka 1957 ikawekwa heshima yenye jina lake, nayo hupewa mtu aliyetoa dola 1,000 kwa mfuko, au mtu ambaye wengine wametoa fedha hizo kwa jina lake. Kwa njia hii ya pili, matawi huweza kumshukuru mtu aliyejitahidi sana, ijapokuwa hana fedha na wala si mwanachama.

MATONE MAWILI KINYWANI

Kazi kubwa kupita zote ambayo Rotary imeishika ni vita juu ya polio, ugonjwa unaopooza viungo vya watoto. Mwaka 1979 wanachama walianza kusaidia kuwachanja watoto wapatao milioni 6 katika nchi ya Ufilipino. Mwaka 1985 walitangaza nia ya kuwafikishia chanjo watoto wa dunia nzima, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani na wengine wakaungana nao. Wakati huo ugonjwa ulikuwa katika nchi zaidi ya 125, ukiwapooza watu wapatao 350,000 kila mwaka, na wengi wao walikuwa watoto.

Dawa yenyewe ni matone mawili kinywani mwa mtoto. Lakini sharti ikae katika baridi, nayo hupelekwa katika visanduku vyenye barafu, juani na matopeni, mpaka nyumba ya mwisho kijijini. Wenye kuchanja hutia wino katika kidole cha mtoto aliyekwisha pata dawa, na mlangoni huandika kwa chaki. Alama hizo hazimsifu mtu. Huonyesha nani amefikiwa, na nani amebaki.

Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba polio ya asili imekoma katika Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, mwaka 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepatwa na virusi vilivyotoka nje ya Afrika, na Msumbiji nayo ikapatwa mwaka huo huo. Kwa hiyo kuchanja hapana budi kuendelee. Aliyeshangilia mapema akatupa kisanduku chake cha barafu angekuwa mgema aliyetia maji.

WALIOFANYA KAZI WASIHESABIWE

Iko pia habari isiyopendeza, nayo ina mafundisho yake. Kwa zaidi ya miaka 80 Rotary haikuwakubali wanawake kuwa wanachama, ingawa wake za wanachama walisaidia katika kazi nyingi. Tarehe 10 Januari 1924, mjini Manchester, Uingereza, Margarette Golding, muuguzi na mfanya biashara, aliwakusanya wake hao wakaunda chama chao wenyewe kiitwacho Inner Wheel. Mwaka 1977 tawi dogo la Duarte, jimbo la California, liliwaingiza wanawake watatu, na kwa ajili hiyo likafukuzwa. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo tarehe 4 Mei 1987 ikawapa haki watu wa Duarte. Mwaka 1989 sheria ya chama ikabadilishwa kwa dunia nzima, na mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Rotary.

Hasara ya miaka ile haiwezi kupimwa kwa mizani. Chama kisichowahesabu watu wanaokifanyia kazi hujinyima nguvu yake chenyewe.

YANAYOFAA KUFUATWA

Chama cha kijiji kinachosafisha chemchemi au kujenga darasa chaweza kujifunza mambo manne.

Kwanza, kazi ichaguliwe kwa shida ya watu, si kwa uzuri wake siku ya kupiga picha.

Pili, liwepo daftari la kazi. Kila aliyechimba, aliyechota maji, aliyepika chakula cha wachimbaji na aliyetoa shilingi yake aandikwe jina. Asiyeandikwa husahauliwa, na mara nyingi asahauliwaye ni mwanamke.

Tatu, siku ya shukrani hesabu ya fedha isomwe kabla ya tuzo kutolewa, na anayetuzwa atajwe kwa kazi aliyoifanya. Kusema "Huyu alibeba mawe siku 12" ni bora kuliko kumwita shujaa, kwa kuwa siku 12 zimo daftarini na kila mtu aweza kuzithibitisha.

Nne, tuzo isimalize kazi. Mgeni akiisha kwenda na makofi yakiisha kunyamaza, chemchemi bado yataka mtu wa kuifagia kesho.

Kwa njia hii maneno mawili ya wahenga hayapingani tena. Mcheza kwao na atunzwe, lakini baada ya kucheza, mbele ya watu waliomwona. Na mgema asifiwe kwa tembo lililokwisha onjwa.

Maswali ya kuzungumzwa barazani

1. Katika kijiji au mtaa wenu, ni shida gani ya watu wote ambayo hakuna anayeishughulikia kwa kuwa haina fahari?
2. Ni nani wanaofanya kazi katika chama chenu ambao majina yao hayajaandikwa popote?
3. Je, tuzo ya mwisho iliyotolewa ilizidisha kazi, au iliipunguza? Kwa sababu gani?