Kinundu cha Pafu Kabla ya Kisu

Mchimbaji mdogo wa Nyamongo amekohoa kwa wiki kadhaa. Anashuka Tarime mjini, anafikia kwa ndugu zake Nyamisangura, anapigwa picha ya kifua, na anaambiwa pafu lina doa. Swali lake la kwanza ni kama hiyo ni saratani. Ana haki ya kuuliza, ila picha haiwezi kumjibu, kwa sababu kinachoonekana pale ni kivuli tu. Kivuli cha mviringo kisichozidi sentimita 3, kilichozungukwa na pafu lenye hewa, madaktari hukiita kinundu. Kikizidi hapo huitwa uvimbe, na shaka ya saratani hupanda.

Kabla ya upasuaji, wagonjwa wengi huelekezwa kwanza kwenye bronkoskopi. Koo hupuliziwa ganzi, mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza, kisha mpira mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa puani au mdomoni hadi kwenye njia za hewa. Kupitia mpira huo daktari anaweza kuchukua kinyama cha kupima, kusugua kwa brashi ndogo, au kumwaga maji ya chumvi na kuyanyonya tena. Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alianza kazi hii mwaka 1897 kwa bomba gumu, akatoa mfupa uliokwama katika njia ya hewa ya mkulima. Mpira unaopinda ulikuja mwaka 1966 kwa juhudi za Mjapani Shigeto Ikeda.

Kama kipimo hiki kinafaa au hakifai, jibu linaanzia kwenye umbo la pafu lenyewe. Bomba kuu la hewa la mtu mzima lina upana wa karibu sentimita 2. Kifuani hugawanyika matawi mawili, kila tawi likagawanyika tena, na tena, mara 23 hivi, hadi kufikia vifuko vya hewa visivyoonekana kwa macho. Kila mgawanyiko hupunguza nafasi. Mpira wa kawaida una unene wa milimita 5 au 6, kwa hiyo husimama baada ya migawanyiko minne au mitano. Ni kama mtumbwi unaotoka Ziwa Victoria na kuupanda Mto Mara: mtoni utapita, lakini kwenye vijito vinavyoulisha mto utakwama, hata mpiga kasia awe hodari kiasi gani. Na vinundu vingi hukaa huko pembezoni.

Ndiyo maana kipimo kile kile hutoa majibu yenye uzito tofauti. Saratani iliyo katikati ya pafu, mahali kamera inapofika, hunaswa kwa takriban asilimia 88. Iliyo pembezoni na isiyofika sentimita 2 hunaswa kwa takriban asilimia 34 tu, bila vifaa maalumu vya kuongoza mpira.

Tufanye hesabu ya mfano, maana hapa ndipo wagonjwa wengi hupotoshwa bila mtu kukusudia. Chukua watu 100 wenye vinundu vidogo vya pembezoni, na tuseme 60 kati yao wana saratani. Bronkoskopi itawanasa kama 20. Wale 80 waliobaki wataambiwa hakuna kilichoonekana, na 40 kati yao bado wana saratani. Shaka imeshuka kutoka 60 hadi 50 kwa 100. Kwa shaka ya nusu kwa nusu hakuna daktari makini atakayemrudisha mtu nyumbani. Sasa weka vinundu hivyo katikati ya pafu: watanaswa kama 53, na kati ya 47 waliobaki ni 7 tu wenye saratani. Jibu la "hatukuona kitu" sasa lina maana.

Kwa hesabu hiyo, kinundu cha pembezoni chenye sura ya saratani, kwa mtu mwenye nguvu za kuhimili kisu, mara nyingi hakistahili kucheleweshwa kwa bronkoskopi ya kutafuta jina la ugonjwa. Sindano ya kupitia ukuta wa kifua hukifikia vizuri zaidi, ingawa watu kama 15 kati ya 100 huvujiwa hewa nje ya pafu. Pengine mgonjwa huenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Hata hivyo daktari wa upasuaji atachungulia kwa kamera mgonjwa akiwa tayari kwenye nusu kaputi, ili ajue kama njia ya hewa atakayoikata ni safi na kama hakuna uvimbe wa pili.

Hesabu hizo peke yake hazitoshi kwa Tarime. Wanaopasua miamba na kusaga mawe kwenye makarasha huvuta vumbi la silika. Vumbi hilo huacha vinundu vyake lenyewe, hudhoofisha ulinzi wa pafu dhidi ya kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mchimbaji mmoja anaweza kuwa na sababu zote tatu za doa moja. Kumkata kipande cha pafu kwa kifua kikuu ambacho kingepona kwa vidonge vya miezi sita, tena vya bure, ni hasara ninayoiona kubwa mno.

Makohozi yapimwe kifua kikuu kwanza. Mashine ya GeneXpert hujibu kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini kinundu kidogo kilichojifunga hakimwagi vimelea kwenye njia ya hewa, hivyo makohozi safi hayakisafishi. Hapo bronkoskopi hupata kazi yake ya kweli: kutafuta vimelea karibu na vilipo. Vikipatikana, dawa huanza, na picha hurudiwa baadaye kuona kama kinundu kinasinyaa, kwa kuwa kifua kikuu na saratani huweza kukaa kwenye pafu moja.

Anayesafiri zaidi ya kilomita 250, kuvuka daraja la Kirumi, kupita Bunda na Magu hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, aulize mambo mawili kabla ya kulala kitandani. Kinundu changu kiko wapi, na kamera itakifikia? Na kinyama kitawekwa kwenye chupa ngapi? Kinachokwenda patholojia hutiwa formalini, na formalini huua vimelea. Kipande kingine kiende maabara ya kifua kikuu kwenye maji ya chumvi, vinginevyo vimelea havitaoteshwa tena.