Dondoo muhimu: Kabla hujaanza chombezo lako mtandaoni

Andika sehemu kumi kwanza, ndipo urushe ya kwanza. Msomaji wa chombezo husamehe makosa ya tahajia; hasamehe "itaendelea kesho" inayogeuka mwezi mzima. Nimeona watunzi wenye kipaji wakikimbiwa na wasomaji kwa sababu hiyo tu, na inauma.

Kata sehemu pale mlango unapogongwa huku wapenzi wawili wakiwa ndani, si pale ulipochoka kuandika.

Wapo watakaonakili kazi yako na kufuta jina. Liweke katikati ya maandishi, na sehemu za mwisho uwatumie waliolipa peke yao.

Wahusika wote wawe watu wazima. Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia. Isome kabla hujabonyeza "tuma".