Mfugo Wako Yuko Kundi Gani? Ukijua, Utajua Kinachomuua

Leo turudi darasani kidogo. Lile somo la baiolojia tulilokariri ili kufaulu mtihani ndilo linalookoa mtaji.

Sato, kuku na ng'ombe wote ni kodata. Kila mmoja akiwa kiinitete huwa na ufito laini wa kuegemeza mgongo. Kwa mifugo yetu, nafasi ya ufito huo huchukuliwa na uti wa mgongo. Baada ya hapo kila kundi lina njia yake ya kupumua na ya kupata joto, na hasara nyingi huanzia hapo.

1. Samaki
Hupumua kwa matamvua, na joto la mwili hufuata maji. Oksijeni bwawani hupungua zaidi alfajiri, maana usiku mwani huitumia bila kuitengeneza. Ukiona sato wanahema juu ya maji, acha kulisha, ingiza maji mapya. Kambare hustahimili zaidi kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu. Maji yakipoa punguza chakula. Kinachobaki kinaoza na kumaliza oksijeni.

2. Amfibia na reptilia
Ngozi ya chura ni laini na yenye unyevu. Inapitisha hewa, na sumu pia. Viluwiluwi wana matamvua kama samaki. Kwa hiyo usioshee bomba la dawa karibu na bwawa. Reptilia kama mamba wana magamba makavu na hupumua kwa mapafu tangu kuanguliwa.

3. Ndege
Wana manyoya, mayai ya gamba gumu na damu moto. Lakini kifaranga mchanga hawezi kujitunzia joto: bruda iwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha shusha kama nyuzi 3 kila wiki. Kuku hatoki jasho, hutweta. Mapafu yake yameungana na vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, hivyo banda linalonuka amonia humdhuru haraka.

4. Mamalia
Wana nywele na hunyonyesha. Ndama huzaliwa karibu bila kinga. Anaipata kwenye dang'a. Mpe ndani ya saa 6 za mwanzo, maana baada ya kama siku moja utumbo haupitishi tena kinga hiyo. Nguruwe naye hatoi jasho la kutosha kujipoza, kwa hiyo kivuli na maji ni lazima.

Kabla hujanunua mfugo mpya jiulize: anapumuaje, na joto analipata wapi? Ukishapata majibu, ndipo uite fundi wa banda.